Kengele ya Kitanda cha Tisa

Hulia saa kumi kasorobo usiku,
si dakika kabla, si dakika baada.
Nje ni Julai, baridi ya Rosario imeegemea madirisha,
mto Paraná umepandisha ukungu hadi ghorofa ya tatu.
Naenda. Mzee Peruzzotti ameketi wima,
mto wa kichwa u sakafuni,
na swali lake ni lile lile:
"Ilde, mbona umechelewa?"

Mimi si Ilde. Mimi ni Zulma, beji inasema.
Toka mezani kwangu hadi kwake ni hatua kumi na nne,
nimezihesabu kwa chuki.

Hataki maji ya glasi. Anataka kikombe chenye mkono.
Sindano ya jioni huikubali, ya usiku huikataa kama sumu.
Wenzangu wamekwishampa jina: mkorofi.
Jina jepesi kubeba, twapokezana nalo zamu kwa zamu
pamoja na funguo za kabati la dawa.

Alhamisi mchana, katika chumba cha chini kinachonuka sabuni ya kufulia,
Bi Szyfman hutufundisha mambo ya nafsi:
kukana, kukandamiza, kurudi utotoni,
kumvika aliyepo sura ya asiyekuwepo.
"Hasira anayokuletea mgonjwa," husema, akifuta miwani kwa ncha ya skafu,
"haikununuliwa dukani kwako. Usiilipie. Usiirudishe pia.
Uliza tu imetoka wapi."
Nikaandika yote kwa wino wa kijani,
nikapiga mstari chini.

Jumapili akanimwagia supu.
Supu ya maboga, vuguvugu, kifuani hadi kiunoni,
na nadharia yote ikachuruzika nayo.
Nikabadilisha shuka. Nikaichomeka pembeni
kwa nguvu ambazo shuka haikuzihitaji,
ndipo nikaiona mikono yangu,
nikaitambua: ni ya mama,
akitandika kitanda cha baba aliyepooza,
baba ambaye kwa miaka sita hakumwambia ahsante.

Kumbe nami nilikuwa na sura niliyomvika mzee wa watu.
Kikulacho ki nguoni mwako;
wahenga hawakusema kwamba nguo yenyewe
yaweza kuwa sare nyeupe, iliyopigwa pasi.

Usiku ule kengele ilipolia sikueleza mimi ni nani.
Nilivuta kiti. Nikauliza:
"Ilde alichelewa wapi?"

Bomba la joto liligonga mara mbili ukutani.
Akautazama mkono wake, ule wenye dripu, kama wa mtu mwingine.
Akasema nyumba ilikuwa kando ya reli.
Akasema mama alikohoa. Akasema aliambiwa,
ukiona amezidiwa, piga kengele, dada atakuja.
"Nilipiga," akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Nilipiga sana."
Halafu akaomba nizime taa.

Sijui kama yote ni kweli.
Kwenye jalada lake kuna mahali pa sukari, pa shinikizo la damu,
pa choo, pa mzio; pa mtoto anayepiga kengele hapana.
Ningependa kusema alilala, asubuhi akaamka mtu mpya.
Hakuamka mtu mpya. Alimtusi mfagiaji
na akaficha vidonge viwili chini ya ulimi.

Usiku uliofuata, saa kumi kasorobo, kengele.
Hatua kumi na nne.
"Ilde, mbona umechelewa?"

"Kweli nimechelewa," nikasema. "Umengoja sana."

Alinitazama kwa muda, kama anayesoma beji.
Kisha akanyoosha mkono, nimpime.

Mapigo sabini na nane. Sindano amekubali.
Kikombe chenye mkono.